Mume wa Shosho

Miaka miwili mizima watu wa nyumba ya Muchiri waliucheka ugonjwa wakidhani ni utani. Usiwalaumu haraka. Kwa Wakikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la guka, yaani babu mzaa baba, na tangu siku hiyo nyanya, shosho wake, humwita mtoto huyo mume wangu. Humdai leso mpya mbele ya wageni, humnunia asipomwamkia, na mama mtoto akiinua fimbo huambiwa, "Usimpige mume wangu." Kila mtu hucheka. Ni mchezo mtamu, na wazee walioutunga hawakuwa wajinga. Walitaka mtu akifa jina lake lihamie nyumba ya pili, kama kaa la moto la kuazima kwa jirani.

Basi Mwihaki, mama yake Muchiri na mjane wa Mwalimu Gichuru, alipozidi kumwita mjukuu wake mume wangu, nani angeshtuka? Kijana alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mabega ya babu yake yaleyale. Mwihaki aliposema, "Leo mume wangu amechelewa kutoka shule," walicheka, kwa sababu mjukuu huyo, naye Gichuru, kweli alikuwa chuoni akisomea umeme. Alipompakulia mnofu mnene kuliko wa wote, walicheka. Waliendelea kucheka hivyo hadi mwezi mmoja kabla ya uchaguzi wa 2022, Fardowsa alipoleta habari ya sigara.

Fardowsa alikuwa na duka pale pembeni, mtaa wa West Indies mjini Eldoret, na Nyokabi, mke wa Muchiri, alikuwa mteja wake wa siku nyingi.

"Mama Gichuru, kuja kidogo," alimwita akimvuta nyuma ya magunia ya mchele. "Mimi si mtu wa maneno, walahi. Lakini kijana yako anavuta, na anatuma nyanya yake."

"Anavuta nini?"

"Sigara. Mama mzee anakuja hapa kila asubuhi, 'Nipe sigara ya mume wangu.' Mimi nilikuwa nacheka tu, nampea moja moja. Hii wiki anabeba pakiti mzima."

Gichuru alikuwa na pumu. Aliipata akiwa mtoto mdogo pale uwanja wa maonyesho, walipolala kwenye mahema baada ya vita vya uchaguzi wa 2007, moshi wa kuni mbichi ukiwaingia usiku na mchana. Hata stoo ya baba yake nyuma ya nyumba, alimoweka pumba na chakula cha ng'ombe cha kuuza, kijana hakuikanyaga, maana vumbi lake lilimfunga kifua. Mtoto wa namna hiyo avute sigara?

Jioni Muchiri alimsimamisha mwanawe sebuleni kama mwizi wa kuku.

"Fungua mdomo. Pumua."

"Baba, mimi sivuti."

"Nimesema pumua!"

Gichuru akapumua. Baba mtu akanusa mdomo wa mwanawe, kijana mwenye ndevu za kwanza, huku jirani aliyekuja kuazima sufuria akitazama mlangoni. Machozi ya fedheha yalimlenga Gichuru.

"Mwacheni mume wangu," Mwihaki alisema kutoka kitini kwake, wala hakuinua kichwa. "Amevuta tangu anioe. Nilishindwa mimi, mtamweza nyinyi?"

Wakaangua kicheko, hata jirani, hata Muchiri mwenyewe. Mwihaki akamgeukia mwanawe.

"Na wewe unacheka nini? Kesho ni shule. Baba yako akikukuta hujanawa miguu, usiniite."

Muchiri alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alimtazama mama yake usoni akitafuta utani, akaukosa. Kicheko kilikatika, na jirani akaondoka bila sufuria.

Nyokabi aliingia chumbani kwa mama mkwe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upande wa ukutani tu, kikanyooshwa vizuri kwa ajili ya mtu. Juu ya mto zilipangwa pakiti za sigara, hakuna hata moja iliyofunguliwa, na kando yake wembe mpya na kitana. Nyokabi alikaa chini sakafuni. Alijiona mjinga, na zaidi ya mjinga alijiona mkatili, kwa vile kila mara mzee yule alipokuwa akizama yeye alikuwa akimpigia makofi.

*

"Ilianza lini?" Daktari Walubengo aliuliza.

Mume akamtazama mke, mke akamtazama mume. Watasema ilianza lini? Ilianza Gichuru alipozaliwa? Daktari, kijana wa watu, aliwangoja na kalamu mkononi, kisha kwa adabu akaiweka chini.

"Sawa. Wacha niwaeleze," alisema. "Ubongo unazeeka kama kitu kingine chochote, lakini huu wa Mama unakufa mapema, kidogo kidogo. Mtu akihama nyumba, anatoa kwanza vitu viko karibu na mlango, si ndiyo? Memory, kumbukumbu za mtu, pia ni hivyo. Za juzi zinatoka kwanza. Zile za ndani kabisa, za ujana, zinabaki. Kwa hivyo atakuwa anarudi nyuma."

"Nyuma mpaka wapi?" Nyokabi aliuliza.

"Hiyo hakuna daktari atakuambia. Kuna wale wanapata mahali wanasimama."

Nyokabi hakuwa msomi, lakini njia ile aliijua. Mtu anayerudi nyuma kutoka leo hadi ujana wake sharti apite Januari ya 2008, na pale Moi's Bridge, kijijini kwao, Januari hiyo, ndipo Mwalimu Gichuru alipouawa. Itakuwaje akisimama hapohapo?

"Kitu moja tu," daktari aliongeza. "Msibishane na yeye. Akiwa mahali, mwingieni hapo alipo."

"Yaani tumdanganye?" Muchiri alisema.

"Yaani msimwache peke yake huko, mzee."

Muchiri alitembea mbele hadi kituo cha bodaboda. Hapo alitamka kama mtu aliyekwisha kukata shauri. "Mtoto wangu si mume wa mtu. Akimwitikia kama guka mara ingine, hizi kura zikiisha nampeleka Mama Ol Kalou kwa shangazi. Huko hakuna Gichuru."

Hapa lazima tuseme ukweli kuhusu Nyokabi, mwanamke mwema ambaye sote tungempenda. Moyo wake ulifurahi, mara moja, haraka haraka, kabla hajauzuia. Tangu amzae Gichuru, mama mkwe hakuwahi kumwita Mama Gichuru. Mtaa mzima ulimwita hivyo, kanisa zima, Fardowsa Msomali wa watu. Alijua kwamba wanawake wa rika la Mwihaki hawakuwataja waume zao kwa jina. Ilikuwa Baba Fulani mpaka kaburini. Lakini wajane wenzake, waume walipokwisha kuzikwa, walilegeza, wakawaita wake za wana wao Mama Kamau na Mama Njoroge bila haya. Mwihaki hakulegeza. Yeye alimwita Nyokabi tu, kama anavyoitwa msichana wa kazi. Nyokabi alikuwa na mtoto mmoja, hakupata wa pili, na hakuna binti aliyezaliwa wa kulibeba jina la Mwihaki. Akaamua kwamba hiyo ndiyo sababu. Kidonda hicho alikilea kimyakimya, akimwogesha mzee, akimchana nywele, akimkatia kucha za miguu.

Sasa mzee ataenda Ol Kalou. Nyokabi aliona aibu kwa furaha yake, na aibu ile ikamfanya ampikie uji mzito jioni hiyo.

*

Mwalimu Gichuru alikuwa na desturi moja iliyowashangaza wanakijiji wa Moi's Bridge. Kila jioni alimsomea mkewe kitabu. Mwihaki hakujua kusoma, yeye alishika taa. Wiki ile ya uchaguzi wa 2007 walikuwa katikati ya hadithi ya mtu aliyetia miaka yake ya uzeeni ndani ya gunia, akaenda kutafuta soko la kuiuza abaki kijana. Njiani akakuta mto umefurika. Hapo taa ikazimwa, na siku chache baadaye nyumba na kitabu viliteketea pamoja.

"Tulimwacha wapi yule mtu?" Mwihaki sasa alimwuliza mjukuu wake kila jioni.

"Tulimwacha mtoni, anangoja maji yapungue."

"Bado hajavuka?"

"Bado. Maji ni mengi."

Gichuru hakuijua hadithi ile na hakuna mwingine aliyeijua. Alihofia kumvusha mtu huyo visivyo. Basi alimweka ukingoni, jioni baada ya jioni, mara amewasha moto, mara amelalia gunia lake. Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Lakini bwana yule wa kitabuni alikuwa ameshauriwa vingine, na Mwihaki alipenda sana kusikia ujinga wake.

"Nilikuambia nini?" Muchiri alifoka alipowakuta.

"Baba, ni hadithi tu."

"Hadithi ni ya Shosho na mjukuu. Wewe amekuita nani?"

Gichuru akainamisha kichwa. Alikuwa ameitwa Baba Muchiri, na alikuwa ameitika.

*

Jumamosi baada ya kura, matokeo yakiwa bado, Kipyego alibisha hodi langoni na gunia la mahindi mabichi begani. Alikuwa jirani yao wa Moi's Bridge, Mkalenjin, mvi zimemjaa. Kila msimu alileta mahindi, na kila msimu Muchiri aliyakataa. Kipyego ndiye aliyemficha Mwalimu kwenye ghala lake la mahindi vita vya Wakalenjin na Wakikuyu vilipolipuka. Mwalimu aliuawa mlangoni pa ghala hilohilo. Pale uwanja wa maonyesho, Mwihaki aliwaeleza maneno mawili tu: aliitwa, akatoka. Muchiri hakuhitaji la tatu. Nani mwingine alijua kwamba yumo mle?

"Rudi na mahindi yako," Muchiri alimwambia kupitia mwanya wa lango.

"Sijakuja kwako, Muchiri. Nimekuja kujua hali ya Mama, vile mambo iko moto. Mko salama?"

"Salama ya nani? Wewe ndiye utatuambia, nyinyi ndio mnajua."

Nyokabi aliyekuwa akianika nguo aliona mzee yule akihamishia gunia bega la pili, akamhurumia hata kama hakutaka. Mwihaki akatokea mlangoni akijikokota, akamtazama mgeni, na uso wake ukawa macho kabisa.

"Kipyego. Umewaambia?"

"Sijasema kitu, Mama."

"Usiwaambie."

"Sitasema."

Damu ilimpanda Muchiri kichwani. "Kusema nini? Hutaki kusema nini, wewe mzee? Hata mama yangu na kichaa chake anajua una siri!" Alifungua lango kwa kishindo, akalinyakua gunia, akalipindua barabarani. Mahindi yalibingirika kwenye matope. Mbuzi wa mtaani wakaja mbio.

Kipyego aliinama, akachukua gunia lake tupu, akalikunja mara mbili. "Sawa," alisema, akaenda zake.

*

Jumatatu ya matokeo maduka yalifungwa mapema. Jioni mshindi alipotangazwa, Eldoret yote ililipuka kwa furaha, kwa honi, filimbi na pikipiki zilizonguruma kupita langoni. Wenye furaha hawakuwa na ubaya. Lakini aliyewahi kukimbia kelele haulizi ni za harusi au za matanga. Muchiri alizima taa. Nyokabi akahesabu watu wake gizani, akamkosa mama mkwe, akamkosa na mwanawe.

Walimkuta Mwihaki nyuma ya nyumba. Ameketi kwenye kigoda, mgongo wake umeegemea mlango wa stoo. Kufuli limefungwa.

"Mama, Gichuru yuko wapi?"

"Shh. Nyokabi, punguza sauti. Watasikia."

Ndani mtu akakohoa.

"Mama," Gichuru alisema kupitia mbao, "alikuwa analia. Alinishika mkono, nikaona niingie tu dakika moja. Sikujua atafunga."

"Inhaler ya pumu uko nayo?"

"Iko kwa nyumba."

Muchiri alitafuta funguo msumarini zilikokaa siku zote. Hazikuwepo. Mwihaki alikuwa amezitia kifuani, ndani ya nguo, na mwanamume hatii mkono kifuani mwa mama yake, hata nyumba ikiungua. Nyokabi naye alinyoosha wake, mzee akaupiga kofi. Chini ya mlango hapakuwa na mwanya wa kupitisha hata sindano. Muchiri mwenyewe alikuwa ameupigilia bati kuzuia panya, na sasa alilitazama bati lake.

Akaleta mtaimbo. "Mama, toka hapo. Navunja."

Mwihaki alipouona mtaimbo juu alipiga yowe ambalo Nyokabi hakuwahi kulisikia kwa binadamu. Barabarani pikipiki zikasimama. Mtu akagonga lango.

"Kuna nini huko? Wenyewe, mko sawa?"

Muchiri akaganda na chuma mkononi. Nyokabi ndiye aliyepata sauti. "Ni mgonjwa, kijana wangu. Nyanya ni mgonjwa."

"Pole, Mama. Mkitaka tumpeleke hosi mtuambie." Wakaondoka na filimbi zao.

Mle ndani pumzi ya Gichuru ilianza kupiga mluzi. Nyokabi aliujua mluzi ule tangu kwenye hema, aliujua ukianza na alijua unakokwenda. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akamshika miguu aliyoizoea, aliyoikata kucha.

"Mama, wameenda. Umewasikia wakienda? Mwite sasa atoke."

"Kipyego amesema nisimwite."

"Kipyego hayuko hapa. Mwite tu, Mama, anaumia!"

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Nilimwita."

Mluzi ndani ukaendelea. Mwihaki alisema akitazama mbele, sauti yake ya kawaida kabisa.

"Lori la Abdirahman lilifika, lile la kubeba watu wanaokimbia vita. Dereva alikuwa anaogopa, hakutaka kungoja. Kipyego alikuwa ameenda kuangalia barabara. Alikuwa ameniambia, 'Mama Muchiri, hata usikie nini, usimwite mzee.' Nikaita Baba Muchiri, Baba Muchiri. Hakutoka. Lori likaanza kuondoka. Nikamwita jina."

"Jina gani?" Muchiri aliuliza, ijapokuwa alijua.

"Lake. Tangu anioe sikuwa nimemwita jina hata siku moja. Akajua ni jambo kubwa. Akatoka mbio." Aligusa shingo yake. "Wale wavamizi walikuwa nyuma ya ua. Mshale ulimpata hapa."

Mtaimbo ulianguka. Muchiri alikaa chini kwenye saruji, miguu imenyooka mbele, kama mtoto aliyesusa. Nyokabi hakuweza kumtazama. Kichwani mwake maneno yote ya miaka yote yalikuwa yakihama mahali: Nyokabi leta maji, Nyokabi funga dirisha, Nyokabi, Nyokabi. Ilikuwa woga. Ilikuwa mwanamke anayezunguka jina moja asilikanyage, na yeye alikuwa amelihesabu dharau.

"Niite, Mama Muchiri."

Sauti ilitoka ndani, nyembamba, ikikatwa na pumzi. Mwihaki aligeuza shingo.

"Niite. Sikutoka... kwa sababu ya jina. Nilitoka kwa sababu... lori lilikuwa linakuacha."

Nyokabi alimtazama mumewe kwa hofu. Huko ndiko kuitikia kulikokatazwa. Muchiri alifungua mdomo, akaufunga, kisha akajikokota kwa magoti hadi mlangoni, akaweka paji lake la uso kwenye mbao, kando ya bega la mama yake.

"Mama," alisema, "umesikia Baba. Mwite."

Midomo ya Mwihaki ilicheza muda mrefu bila kutoa kitu. Hatimaye lilitoka, dogo, kana kwamba linajaribiwa kama bado linauma.

"Gichuru."

Hakuna kilichotokea. Ua ulikuwa kimya, filimbi zilikuwa mbali. Akaita tena kwa nguvu, "Gichuru! Toka!" na mkono wake ukaingia kifuani, ukamkabidhi Nyokabi funguo zenye joto.

Mlango ulipofunguka kijana alitoka ameinama, akishika ukuta. Vumbi la pumba lilikuwa limemfunika kichwa, nyusi na zile ndevu chache, jeupe tupu. Mwihaki aliinuka. Alimshika mashavu kwa mikono miwili, akamtazama kwa mshangao mkubwa.

"Umezeeka," alisema. "Ngai, umekuwa mzee, Baba Muchiri."

Akachukua pindo la leso, akalitemea mate, akaanza kumfuta. Alifuta paji, akafuta nyusi. Chini ya uzee ule likatokea shavu laini la kijana, na kila alipofuta mkono wake ulienda polepole zaidi, hadi ukasimama. Alitazama shavu lile. Alitazama leso iliyojaa vumbi. Nyokabi aliona macho ya mzee yakifika kutoka mbali, yakifika hapa, leo, na yakijua ni nani asiyekuwepo.

"Mama Gichuru," Mwihaki alisema, "mtoto huyu anakohoa. Dawa yake iko wapi?"

Nyokabi alikimbia. Alilia tangu mlangoni hadi kwenye droo, akaichukua dawa akarudi mbio.

*

Asubuhi Muchiri alisimama uani na simu sikioni. Nyokabi alikuwa akichochea moto jikoni, dirisha wazi, na hakujifanya hasikii.

"Ulikuwa unajua," Muchiri alisema.

"Niliiona. Nilikuwa narudi kutoka barabara," Kipyego alijibu. Sauti yake ilivuma kwenye kile kisimu cha bei rahisi.

"Miaka hii yote, mzee. Nimekutukana mbele ya watu. Nimemwaga chakula chako. Kwa nini hukusema?"

Kipyego alijibu polepole.

"Mimi ukinichukia, unapita tu barabara ingine. Mama yako ungempitia wapi?"

Muchiri aliegemea ukuta. Alitaka kusema samahani, akauliza kitu kingine kabisa. "Shamba bado liko na mahindi mabichi?"

"Iko. Nitaleta?"

"Usilete. Nitakuja mwenyewe. Kipyego... nitakuja na Mama, kama utatukaribisha."

"Kuja," Kipyego alisema.

Habari ya Ol Kalou haikutajwa tena. Wala tusijidanganye kwamba mzee alipona. Asubuhi ileile alikuwa amekwisha kumwuliza Muchiri kama amenawa miguu, na Muchiri, baba wa mtu, akavua viatu akamwonyesha. Sebuleni Gichuru alikuwa ameketi kando ya nyanya yake, kifua bado kizito.

"Yule mtu tulimwacha wapi?"

"Amevuka, Shosho. Maji yalipungua."

"Na gunia?"

"Amerudi nalo nyumbani. Sokoni alikosa bei."

Mwihaki alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akataka chai, akageukia jikoni.

"Mama Gichuru!"

Nyokabi alikuwa na kikombe tayari mkononi. Hakuitika. Alisimama palepale nyuma ya mlango akisikiliza.

"Mama Gichuru! Huyu mama hasikii? Mama Gichuru!"

Aliacha aitwe mara moja zaidi, kisha akaitika.